Dawa za choo kigumu baada ya upasuaji: ipi ununue, ipi uiache rafuni

Wagonjwa wengi hutoka hospitali na mfuko uliojaa dawa za maumivu, lakini dawa ya choo haimo. Siku ya tatu au ya nne tumbo limejaa, hamu ya kula imekwisha, na ndugu anatumwa duka la dawa akalete "chochote cha kulainisha choo". Hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu bidhaa zilizopangwa kwenye rafu ile hazifanyi kazi moja. Ipo inayobeba maji, ipo inayosukuma, ipo inayoongeza ujazo, na ipo inayouzwa sana ilhali faida yake ni ndogo mno. Tumezipitia moja moja kwa swali hili: je, inasaidia utumbo uliolegezwa na dawa za maumivu, bila kuhatarisha mshono?

Kwa kifupi, makrogoli (unga wa kukoroga unaobeba maji) ndiyo ya kununua kwanza, sanamaki ni ya kuongezea, na unga wa nyuzinyuzi usubiri mpaka dawa kali za maumivu ziishe. Lakini aina ya upasuaji inaweza kubadilisha jibu hilo kabisa, kwa hiyo usiishie hapa.

Kwa nini utumbo unagoma

Mofini, kodeini, tramadoli, oksikodoni na pethidini ni za kundi moja la opioidi. Zinapotuliza maumivu kwenye ubongo na uti wa mgongo, hushika pia neva zilizo kwenye ukuta wa utumbo. Mikazo inayosukuma chakula mbele hupungua, kinyesi hukaa muda mrefu kwenye utumbo mpana, maji yake hunyonywa mpaka kikauke, na msuli unaofunga njia ya haja kubwa hukaza zaidi. Wengi hawaambiwi jambo hili: baada ya siku chache mwili huzoea usingizi na kichefuchefu cha dawa hizi, lakini utumbo hauzoei. Madhali unaendelea kuzimeza, tatizo linaendelea. Ndiyo maana dawa ya choo inapaswa kuanza siku ileile unapoanza opioidi, si baada ya tumbo kufunga.

Yapo na mengine yanayoongezea uzito: nusukaputi, kukaa bila kula kabla na baada ya upasuaji, kulala kitandani, kunywa maji kidogo, vidonge vya madini ya chuma, ondansetroni ya kuzuia kutapika, na dawa za kiungulia zenye alumini. Upasuaji wa tumbo wenyewe huusimamisha utumbo kwa muda. Kwa kawaida utumbo mwembamba huamka ndani ya siku moja, tumbo la chakula ndani ya siku moja hadi mbili, na utumbo mpana huwa wa mwisho, siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kukosa choo siku mbili au tatu za mwanzo peke yake si ugonjwa, hasa kama hukula kitu. Kinachotakiwa kuonekana mapema ni hewa kutoka.

Angalia pia kodeini iliyojificha. Baadhi ya vidonge vya parasetamoli vya "nguvu zaidi" vina kodeini ndani, na baadhi ya dawa za kikohozi vilevile. Mtu anaweza kuamini kwamba ameshaacha opioidi wakati bado anaimeza mara tatu kwa siku.

Kabla ya kununua

Kuna hali ambazo duka la dawa si mahali pake. Tumbo lililovimba na kukaza, kutapika mara kwa mara, kutotoa hewa kabisa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, homa, au damu nyingi kwenye choo: hizo ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo. Utumbo ukiwa umeziba au umesimama kabisa, dawa ya kusukuma kama sanamaki inaweza kuleta madhara makubwa. Usijaribu "dozi moja kwanza uone".

Dalili nyingine inawadanganya hata wauguzaji wenye uzoefu. Mgonjwa hajapata choo kwa siku nyingi, halafu ghafla anaanza kuvuja majimaji. Familia inadhani amepata kuharisha, inampa loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha. Kumbe kinyesi kikavu kimekwama chini na majimaji yanapenya pembeni yake. Loperamidi hapo inazidisha tatizo. Mtu mwenye historia hiyo apimwe na mhudumu wa afya kabla ya kupewa chochote. Kukwama huku kunaweza pia kuzuia mkojo kutoka, na kwa mzee kunaweza kuleta kuchanganyikiwa.

Tena, jua mshono wako uko wapi. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo mpana au wa njia ya haja kubwa asiingize kitu chochote kwa chini, kiwe kidonge au enema (dawa ya maji ya kuingiza kwa chini), bila ruhusa ya daktari aliyempasua. Aliyepasuliwa ngiri, moyo, jicho au ubongo ana sababu ya ziada ya kutokamua, maana kukamua hupandisha shinikizo ndani ya tumbo, kifua na kichwa kwa pamoja.

Makrogoli

Inauzwa kwa majina kama Movicol, Laxido na MiraLAX. Ni unga unaoyashikilia maji uliyokorogea na kuyafikisha mpaka utumbo mpana bila kunyonywa njiani. Ni kiasi kidogo sana kinachoingia kwenye damu, kwa hiyo hata mama anayenyonyesha baada ya upasuaji wa kujifungua anaweza kuitumia. Bakteria wa utumbo hawaichachushi, na kwa hiyo haijazi gesi. Kwa mwenye mshono tumboni hilo ni jambo kubwa, kwani tumbo lililojaa gesi huvuta kila uzi.

Ziko aina mbili na watu huzichanganya. Ya pakiti huwa na chumvi ndani yake: pakiti ya mtu mzima ina gramu 13.125 za makrogoli na hukorogwa kwenye mililita 125 za maji, si zaidi wala si pungufu, kwa sababu chumvi zimepimwa kwa kiasi hicho cha maji. Ya kopo haina chumvi: unajaza kifuniko mpaka kwenye mstari wa gramu 17, unamimina kwenye mililita 120 hadi 240 za maji, juisi, chai au kahawa. Koroga mpaka unga uyeyuke kabisa bila kubaki chembe, kisha unywe yote. Ya pakiti ina ladha ya chumvi ambayo wengi hawaipendi, na ikipozwa kwenye friji hunyweka kwa urahisi zaidi. Ukibakiza, funika, weka kwenye friji, na umwage kilichobaki baada ya muda wa saa 6.

Anza na dozi moja kwa siku. Ile ya pakiti inaweza kupandishwa hadi mbili au tatu kwa siku kama choo bado kigumu. Kosa kubwa kuliko yote kwenye bidhaa hii ni kukosa subira. Inachukua siku moja hadi tatu kuonyesha kazi yake. Anayeinywa leo, akaona kesho kimya, akaitupa na kukimbilia dawa kali, hajaijaribu. Kosa la pili ni kuinywa siku ambazo tumbo limefunga tu na kuiacha likifunguka, halafu kuanza upya. Inafanya kazi vizuri zaidi ikinywewa kila siku kwa utaratibu.

Udhaifu wake upo. Kwanza, mtu mwenye kichefuchefu hawezi kumaliza glasi. Pili, pakiti moja ya aina yenye chumvi huleta takriban miligramu 187 za sodiamu. Mwenye moyo dhaifu, figo mbovu au shinikizo la damu lililo gumu kudhibitiwa achague ile ya kopo au amuulize mfamasia. Tatu, kwa mgonjwa anayemeza kwa shida na kupewa vinywaji vilivyozitishwa kwa unga wa wanga, makrogoli hukifanya kinywaji kiwe chepesi tena, na anaweza kupaliwa mpaka mapafuni. Dawa nyingine, hasa za kifafa, zimezwe angalau saa moja kabla au baada yake.

Pamoja na hayo, hakuna bidhaa nyingine kwenye rafu hii inayotoa matokeo mazuri hivi kwa usumbufu mdogo hivi.

Sanamaki na bisakodili

Hizi ni dawa za kusukuma. Sanamaki, ambayo kwenye boksi huitwa sena, hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya kitu, mpaka bakteria wa utumbo mpana waigeuze kuwa dawa kamili. Hapo huamsha neva za utumbo na mikazo inarudi. Kwa kuwa opioidi ndizo zilizozima mikazo hiyo, sanamaki inajibu tatizo lenyewe moja kwa moja. Inachukua muda wa saa 6 hadi 12, kwa hiyo imezwe wakati wa kulala ili ifanye kazi asubuhi, wakati ambao utumbo nao uko tayari.

Vidonge huwa na miligramu 7.5 au 8.6, kutegemea nchi. Mtu mzima huanza na viwili usiku. Mchomo wa tumbo ni wa kawaida, na ukiwa mkali punguza hadi kimoja. Mkojo unaweza kugeuka njano ya kahawia au wekundu; hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Majani ya sanamaki ya kuchemsha hatuyapendekezi kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, kwa sababu nguvu ya kikombe kimoja haifanani na ya kingine, na mikazo mikali juu ya mshono mbichi haifai. Kwenye kidonge kipimo kinajulikana.

Bisakodili, maarufu kwa jina la Dulcolax, hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo: kidonge kimoja au viwili vya miligramu 5 usiku. Kina gamba linalokizuia kuyeyuka kabla ya kufika utumboni. Usikitafune wala kukiponda, na usikimeze na maziwa au dawa ya kiungulia ndani ya saa moja, la sivyo gamba huyeyukia tumboni na kuleta maumivu na kichefuchefu. Soma kiambato, usisome jina peke yake: jina la Dulcolax katika baadhi ya nchi limewekwa kwenye bidhaa zenye viambato vingine kabisa. Kati ya hizi mbili tunachagua sanamaki kwa mgonjwa wa tumbo, kwa kuwa bisakodili kwa wengi huuma zaidi.

Wapo wanaoogopa kwamba dawa za kusukuma "zitauzoesha utumbo uvivu". Kwa wiki chache za kupona, kwa vipimo vilivyoandikwa, hofu hiyo isikufanye ukae na tumbo lililofunga. Kinachofaa kuogopwa ni kupitiliza dozi mpaka kuharisha, hasa kwa anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini, kwa kuwa potasiamu hushuka na moyo huathirika.

Makrogoli asubuhi na sanamaki usiku ni jozi nzuri kwa anayemeza opioidi kwa zaidi ya siku mbili tatu. Moja inaweka maji, nyingine inasukuma. Ila kama kinyesi kikubwa kikavu kimeshakaa mlangoni, kusukuma kutoka juu kutaleta maumivu matupu. Hapo chini pafunguliwe kwanza, na hilo tutalifikia.

Laktulosi

Ni dawa ya maji yenye utamu mkali, mililita 15 zikiwa na gramu 10. Dozi ya kuanzia ni mililita 15 hadi 30 kwa siku, na inaweza kuchukua hadi saa 48. Inafanya kazi, hilo halina ubishi, lakini bakteria huichachusha na gesi inayotokea ni nyingi. Kwa aliyepasuliwa goti au mkono inavumilika. Kwa aliyepasuliwa tumbo, siku za mwanzo ni mateso ya bure ikiwa makrogoli inapatikana. Ina sukari kidogo za laktosi na galaktosi. Mwenye kisukari anayetumia dozi kubwa apime sukari yake, na mwenye ugonjwa wa kutovumilia galaktosi asiiguse. Faida yake moja ya kweli ni ujazo mdogo: asiyeweza kumaliza glasi ya makrogoli anaweza kumeza vijiko viwili vya hii, ila baada ya hapo anywe maji.

Dokusati

Vidonge vya miligramu 100, vinavyoitwa vya "kulainisha". Nadharia yake inavutia: kama sabuni, dokusati huyasaidia maji kuingia kwenye kinyesi. Tatizo ni kwamba kila ilipopimwa kwa makini, faida yake imekuwa vigumu kuonekana, na ilipoongezwa juu ya sanamaki haikuleta tofauti ya maana. Hata hivyo ndiyo dawa ambayo wagonjwa wengi huandikiwa peke yake, na hilo linatusikitisha, maana mtu anaimeza kwa uaminifu siku tano, tumbo linazidi kufunga, na anajilaumu kwamba hanywi maji ya kutosha. Haina madhara makubwa. Ila usiitegemee. Kidonge mchanganyiko cha sanamaki na dokusati kinafanya kazi kwa sababu ya sanamaki.

Unga wa nyuzinyuzi

Ispagula, inayouzwa kama Metamucil au Fybogel, ni bidhaa nzuri kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mgonjwa anayemeza opioidi ni chaguo baya. Inavimba ndani ya utumbo na kuongeza ujazo, kwa matarajio kwamba utumbo utaona ujazo huo na kusukuma. Utumbo uliolegezwa na mofini hausukumi. Kinachobaki ni rundo kubwa zaidi lililokaa palepale, na lisipopata maji linaweza kukwama kabisa. Aliyekatwa utumbo au ambaye utumbo wake umebanwa na makovu ana hatari zaidi.

Wakati wake unafika baadaye: opioidi zimeisha, unatembea, unakunywa vizuri. Hapo dozi moja kwenye angalau mililita 240 za maji, inywewe haraka kabla haijawa uji mzito, na isinywewe ukiwa umelala au unakaribia kulala. Aliyepasuliwa bawasiri ndiye anayenufaika nayo kuliko wote katika kipindi hicho, kwa kuwa anahitaji choo laini chenye umbo kwa wiki kadhaa, si kuharisha kunakochoma kidonda.

Maziwa ya magnesia na mafuta

Magnesia ya maji huvuta maji kwa kasi na inaweza kufungua tumbo ndani ya nusu saa hadi saa 6. Mililita 30 hadi 60 kwa mtu mzima, mara moja, na glasi nzima ya maji. Inafaa kama dozi ya usiku mmoja, haifai kama dawa ya kila siku. Mwenye figo dhaifu asiitumie, kwa kuwa magnesiamu itarundikana mwilini. Pia hushika baadhi ya antibiotiki na kuzizuia kunyonywa: siprofloksasini, kwa mfano, inabidi imezwe saa 2 kabla ya magnesia au saa 6 baada yake. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa mara nyingi ana antibiotiki hizo mfukoni, na dozi iliyopotea ni kinga iliyopotea kwa kidonda.

Mafuta ya parafini ya kunywa tunayakataa kwa mtu anayelala muda mrefu au anayepaliwa, kwa kuwa yakiingia mapafuni huleta nimonia. Mafuta ya mbarika nayo huleta mikazo mikali isiyotabirika. Yaache.

Dawa za kuweka kwa chini

Hizi ndizo za haraka, na kwa aliye na kinyesi kilichokaa mlangoni ndizo za kuanzia, ikiwa upasuaji wake unaziruhusu.

Kidonge cha gliserini ni cha upole kuliko vyote. Kilowanishe kwa maji, lala ubavu wa kushoto, kunja goti la juu, kiingize kwa kidole mpaka kipite msuli wa mlango, kisha tulia dakika 15 hadi 30 ukiweza. Cha bisakodili cha miligramu 10 kina nguvu zaidi na hufanya kazi ndani ya dakika 15 hadi saa moja. Hapa kuna jambo dogo linaloamua kila kitu: bisakodili lazima iguse ukuta wa utumbo. Ukiichomeka katikati ya kinyesi, itakaa humo bila kufanya kazi na utadhani dawa ni mbovu. Iegemeze pembeni. Gliserini hata ikiingia kwenye kinyesi bado husaidia kukilainisha.

Enema ya fosfeti ya sodiamu, kama Fleet, hufungua ndani ya dakika chache. Chupa ya mtu mzima hutoa mililita 118 hivi. Tunaiheshimu na kuiogopa kwa pamoja. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba kutumia zaidi ya dozi moja ndani ya saa 24 kunaweza kuleta madhara mabaya kwa figo na moyo, hata kifo. Walio hatarini zaidi ni wenye umri zaidi ya miaka 55, waliopungukiwa maji, wenye figo dhaifu, na wanaotumia dawa za shinikizo, za kukojoza, au za maumivu za jamii ya ibuprofeni. Ukiisoma orodha hiyo vizuri utaona inamwelezea mgonjwa wa kawaida wa upasuaji: ana umri mkubwa, amekunywa maji kidogo, na anameza ibuprofeni. Isipotoa kitu, usirudie. Maji yaliyobaki ndani bila kutoka ni sababu ya kumpigia daktari. Tunaiweka mwisho, na ni bora ifanywe na muuguzi.

Vipo pia vidonge vya daktari vinavyozuia opioidi utumboni bila kugusa utulizaji wa maumivu, kama naloksegoli na naldemedini. Vinawahusu walio kwenye opioidi kwa muda mrefu ambao jozi ya makrogoli na sanamaki imewashinda. Kwa wiki moja ya tramadoli havihitajiki, na kwa mwenye utumbo ulioziba ni marufuku.

Kigoda cha miguu

Hiki si dawa, lakini thamani yake inazidi baadhi ya chupa tulizozitaja. Ukikaa kwenye choo cha kukalia, msuli mmoja huukunja mwisho wa utumbo. Magoti yakipanda juu ya nyonga, msuli huo hulegea na njia hunyooka. Kigoda cha sentimita 18 hadi 23 kinatosha. Cha Squatty Potty kimeumbwa kuzunguka choo, lakini kigoda chochote imara kisichoteleza hufanya kazi ileile. Egemea mbele, viwiko kwenye magoti, tumbo lilegee, pumua nje taratibu badala ya kubana pumzi. Mwenye mshono tumboni abane mto juu ya kidonda anapohisi haja inakuja.

Aliyebadilishiwa nyonga asikitumie. Wengi wao huambiwa wasikunje nyonga kupita nyuzi 90 katika wiki za mwanzo, na kigoda huivunja sharti hiyo papo hapo. Kifaa chake ni kiti cha kuinua choo, kinyume kabisa.

Saa nzuri ya kukaa ni dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao hushtuka. Kahawa huongeza mshtuko huo. Dakika 10 zikipita bila kitu, inuka. Kukaa nusu saa ukikamua ndiko kunakoleta bawasiri na mpasuko.

Kuhusu chakula tuseme machache. Plamu kavu, gramu 50 mara mbili kwa siku, zina nyuzinyuzi na sorbitoli na husaidia kweli, ila nazo huleta gesi. Matunda mawili ya kiwi kwa siku ni mbadala mpole. Bazoka isiyo na sukari, ikitafunwa mara kadhaa kwa siku baada ya upasuaji, huudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja, na baada ya upasuaji wa kujifungua imeonekana kuharakisha kutoka kwa hewa. Maji lita 1.5 hadi 2 kwa siku yanatosha kwa wengi, isipokuwa aliyewekewa kipimo na daktari wa moyo au figo. Kujilazimisha lita nne hakumsaidii mtu ambaye hakuwa na upungufu wa maji. Ziada huishia kwenye mkojo.

Namna ya kupanda na kushuka

Siku ya kwanza ya opioidi, anza makrogoli dozi moja, na sanamaki vidonge viwili usiku kama upasuaji wako hauzuii. Wakati huohuo punguza opioidi yenyewe: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye ini zima na uzito wa kawaida, huipunguzia opioidi kazi. Hesabu pia parasetamoli iliyo ndani ya vidonge vya kodeini.

Siku tatu zikipita bila choo, na hewa inatoka na hutapiki, pandisha makrogoli ya pakiti hadi mbili au tatu kwa siku, na kama unahisi uzito mlangoni ongeza kidonge cha gliserini au bisakodili kwa chini. Zikipita siku mbili nyingine kimya, piga simu. Kipo kipimo kikubwa cha makrogoli kwa waliokwama, pakiti 8 kwenye lita moja ya maji zinazonywewa ndani ya saa 6, lakini hicho ni cha kusimamiwa na daktari, si cha kujipangia.

Tumia mizani ya Bristol ya aina za choo, iliyochapishwa mwaka 1997, kujipima. Aina ya 1 ni vipande vidogo vigumu kama vya mbuzi, aina ya 7 ni maji matupu. Lengo ni aina ya 3 au 4. Ukifika aina ya 6, ruka dozi moja ya sanamaki kwanza na uache makrogoli iendelee.

Opioidi ikiisha, usiache vyote siku moja. Ondoa sanamaki kwanza. Endelea na makrogoli dozi moja kwa siku kwa siku kadhaa, kisha siku moja kwa kuruka siku moja, mpaka choo kiwe laini bila msaada. Ikiwa wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho cha opioidi bado huwezi kuacha dawa ya choo, peleka orodha ya dawa zako zote kwa mfamasia. Mara nyingi kinachobaki kinafunga ni vidonge vya chuma, na daktari anaweza kukubadilishia aina au kukupangia siku moja kwa kuruka.